Usikate kijiti kwenye muhogo mgonjwa: neno juu ya kukopi diski za mashini za biro



Leo siandiki juu ya udongo wala mbolea. Nataka nitoe hukumu juu ya namna moja ya kazi ambayo wengi wetu tutaikuta siku ya kuanza kazi. Biro imepata mashini kumi au kumi na mbili, zote tupu, na shefu anataka zitumike kesho asubuhi. Mtu mmoja anasema: "Si kitu, tutengeneze moja, zingine tuzikopi tu." Ndiyo kusema: unachukua diski nzima ya mashini moja, na Windows yake, na programu zake, na printa yake, unaifanya faili moja kubwa inayoitwa imaji, kisha ile imaji unaimwaga juu ya diski za mashini zingine. Zikiwaka, zote zinafanana kama mapacha.

Mimi ni mtu wa agronomia, lisanse, si mtu wa informatiki. Lakini munajua vile inakuwa huku kwetu Bukavu: biro nyingi ndogo hazina fundi wa mashini. Yule kijana mwenye anajua kidogo, ndiye fundi. Mimi nilikuwa yule kijana. Kwa hiyo sitoi hukumu nikiwa mbali. Nilifanya kazi hii kwa mikono yangu, na niliifanya vibaya.

Hukumu yangu niiseme mara moja ili tusipotezane. Kukopi diski ni kazi nzuri. Kifaa chake ni kizuri. Mbaya ni ile haraka tunayokuwa nayo siku ya kuchagua mashini ya kukopi, na haraka hiyo inaweza kumuumiza mtu asiye na kosa.

Nianze na kifaa. Wakubwa wetu bado wanasema "kupiga ghost". Neno hilo lina asili yake. Ghost ilikuwa programu iliyotengenezwa mwaka 1995 na Murray Haszard, kule Auckland, Nyuzilandi, na mwaka 1998 kampuni ya Symantec ya Marekani ikainunua. Programu ilipita, jina likabaki mdomoni mwa watu. Leo wengi tunatumia Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwani, na ni ya bure kabisa, bila kraki. Unaiweka kwenye flashi, unawasha mashini kwa ile flashi, na kazi inaanza.

Mazuri yake ni mengi. Haikopi diski yote kijinga: kama diski ni ya GB 500 lakini umetumia GB 40 tu, inachukua zile sehemu zenye kutumika na kuacha utupu. Kisha inaweza kupima imaji yenyewe ili ujue kama siku ya kuirudisha itakubali. Kabla ya kufuta diski yako inakuuliza mara mbili kama kweli unataka. Na wenye biro kubwa wana namna ya kuipitisha kwenye mtandao kwa mashini nyingi pamoja: watengenezaji wake wanaandika kwamba imaji ya GB 5.6 ilifika kwenye mashini 41 kwa muda wa dakika kama 10. Sisi hatuko pale, lakini ni vizuri kujua.

Mabaya yake pia niyaseme. Menyu zake zimeandikwa kwa mtu mwenye anajua tayari. Diski haziitwi kwa majina tunayoyazoea, zinaitwa sda, sdb, na ukichanganya yenye kutoa na yenye kupokea, unamwaga utupu juu ya kazi ya miaka mitatu. Yale maswali mawili ya "una hakika?" yanamsaidia mwenye kusoma tu; yule wa haraka anajibu ndiyo, ndiyo, na mambo kwisha. Kisha inakataa kumwaga imaji ya diski kubwa juu ya diski ndogo, hata kama ndani mna vitu vidogo. Hilo nililijua saa tatu usiku, nikiwa peke yangu ndani ya biro.

Basi nieleze vile ilikuwa. Shirika moja dogo, jina nitaliacha, lilinichukua kwa miezi mitatu ya kujaribiwa. Kazi yangu ilikuwa kufuata wakulima wa mihogo. Wiki ya pili zikafika mashini 11 za okazyoni kutoka Ulaya, bila kitu ndani. Shefu akaniita: "Agro, wewe ni kijana, mambo ya mashini unayajua. Jumatatu watu watumike." Ilikuwa Ijumaa.

Kuweka moja moja kwa mkono kungeniletea kazi ya wiki. Windows, kisha Word na Excel, kisha printa, kisha QGIS kwa ajili ya ramani za mashamba, na mega za intaneti tunazihesabu kama chumvi. Nikaamua kukopi. Nikatafuta mashini ya kuwa mama. Mashini ya Mama Sekreteri ilikuwa na kila kitu: printa inakubali, barua za biro ziko tayari na kichwa chake, hata karatasi za misheni. Nikasema, hii ndiyo mama. Sikuuliza zaidi.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Mashini nane zilikuwa za aina moja, zikapokea vizuri, kila moja dakika kama 25. Tatu zilikuwa na diski za GB 320, na ya mama ilikuwa ya 500, zikakataa. Ikanibidi kupunguza kwanza ile sehemu ya diski ya mama na kurudilia imaji. Umeme ulikatika mara mbili. Mashini iliyokuwa inapokea ikabaki nusu, haiwaki tena, lakini imaji ilikuwa salama kwenye diski ya inje, nikaanza upya. Jumamosi saa sita mchana zote 11 zilikuwa zinawaka. Jumatatu shefu akanipongeza mbele ya watu. Nilijisikia mtu mkubwa.

Sasa mutazame nini nilikuwa nimegawa.

Kila mashini ilikuwa na jina lile lile kwenye mtandao, na Windows ikawa inalalamika kwamba jina liko mara mbili. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa zaidi: barua pepe ya Mama Sekreteri ilikuwa imebaki wazi ndani ya Firefox, na neno lake la siri limehifadhiwa. Mtu yeyote kwenye mashini yoyote alikuwa anaweza kuingia. Kikapu cha takataka kilikuwa na vitu vyake alivyovitupa bila kumwaga kikapu, na kitu kingali kwenye kikapu kinahesabika kama kingali kwenye diski, kwa hiyo kilikopiwa pia. Kulikuwa na ile virusi ya rakursi yenye kuficha mafolda ndani ya flashi. Mwanzo mashini moja ilikuwa mgonjwa, sasa kumi na mbili. Na Windows yake ilikuwa ya kraki, mwenye kuiweka alikuwa amezima antivirusi ili kraki ipite. Kwa hiyo niligawa ugonjwa, na pamoja nao niligawa mlango ambao hauna mlinzi.

Wandugu wa agronomia, mumekwisha kunielewa. Muhogo hatuupandi kwa mbegu, tunaupanda kwa kijiti, na kila kijiti ni mama yule yule anayeanza maisha upya. Mama akiwa na mozaiki, majani yake yanajikunja na kupata madoa ya manjano, basi ukikata vijiti mia moja kwake unapanda mozaiki mia moja. Inzi weupe wanaeneza ile virusi kutoka mmea hadi mmea, ni kweli, lakini anayeipeleka mbali, kutoka kijiji hadi kijiji, ni mtu mwenye fungu la vijiti kichwani. Juu ya hiyo kuna SENASEM ya kupima mbegu, juu ya hiyo watu wanapanda mpaka INERA Mulungu kutafuta mimea safi. Tuliyasoma haya yote. Mimi niliyaandika kwenye memuari yangu na nikapata alama nzuri. Kisha nikakata vijiti kwenye mashini ya kwanza niliyoiona, kwa sababu ilikuwa karibu.

Na flashi nayo ina mwenzake shambani. Ule ugonjwa wa bakteria wa migomba, wenye ulionekana Masisi mwaka 2001 kisha ukatushukia huku Kivu ya Kusini, mpaka wengine wakakosa hata ndizi za kasiksi, unapita kwenye panga. Unakata mgomba mgonjwa, panga lile lile unalipeleka kwa mgomba mzima. Tunamwambia mkulima: pitisha panga kwenye moto au lioshe kwa maji ya javeli, na ua la kiume ulivunje kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Mkulima anatusikiliza. Sisi wenyewe tunachomeka flashi moja kwenye mashini zote za kiwanja, kutoka sekretariati mpaka kwa mwenye kutunza feza, bila kuipima hata mara moja.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, ni virusi, itafutwa, maisha yanaendelea. Nilikuwa ninasema hivyo pia. Sasa musikie yenye ilifuata.

Mwezi wa pili tulikuwa tunatayarisha kugawa vijiti vya mihogo safi. Liste ilikuwa ya familia 306, iko ndani ya Excel, na ilikuwa inazunguka kwa flashi kutoka mashini moja hadi ingine. Siku mbili mbele ya kugawa, mtu mmoja wa kiwanja akaona kwamba majina 14 aliyokuwa ameyaandika yeye mwenyewe hayako tena, na mengine 14 yasiyojulikana yako pahali pao. Shefu akafungua ile faili, akatazama kwenye sifa zake, pale panapoonyesha nani ameiandika na nani ameibadilisha mara ya mwisho. Jina lilikuwa moja: la Mama Sekreteri.

Hakupiga kelele. Alimwita, akamfungia mlango, na alipotoka Mama alikuwa ameshika mkoba wake. Akaambiwa abaki nyumbani mpaka mambo yajulikane. Ana miaka mingi kwenye ile biro kuliko shefu mwenyewe. Alipita mbele ya meza yangu bila kutazama mtu.

Na mimi nilijua. Nilijua palepale. Word na Excel vinaandika ndani ya kila faili jina la mtu aliyeandikishwa kwenye ile programu siku ya kwanza. Niliikopi mashini yake, basi nilikopi na jina lake. Mtu yeyote aliyebadilisha ile liste, kwenye mashini yoyote kati ya 12, angeonekana kuwa ni yeye. Lakini nilikuwa na miezi mitatu ya kujaribiwa, na ulikuwa umebaki mmoja. Nilirudi nyumbani, nikala bugali na sombe bila kusikia ladha, nikajiambia kwamba labda kweli ni yeye. Ndivyo mtu anajidanganya. Usingizi sikupata.

Asubuhi niliingia kwa shefu. Nikamwambia: "Shefu, uniruhusu nikuonyeshe kitu." Nikaenda naye kwenye mashini ya dada mmoja wa staji, nikafungua Excel mpya, nikaandika neno moja, nikahifadhi, nikafungua sifa. Jina la Mama Sekreteri. Tukaenda kwenye ingine. Jina lile lile. Kwenye ya tatu akaniambia, "Acha." Akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Kumbe hatutajua ni nani?" Nikajibu: "Hapana, shefu. Hatutajua."

Na kweli, mpaka leo haijulikani. Hapo ndipo kosa langu liliuma kuliko pote. Nilimtosha Mama kwenye shutuma, lakini aliyefanya ule ubaya nilimpa pahali pa kujificha: nyuma ya jina la mtu mwingine. Familia 14 zilipata vijiti vyao kwa sababu moja tu: wachefu wa vijiji walikuwa na karatasi zenye alama za vidole, na tulirudi kwazo jina kwa jina, siku mbili nzima. Karatasi ya kijijini ilisema ukweli kuliko mashini zetu kumi na mbili.

Mama Sekreteri alirudi kazini. Nilimwendea kuomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo sijasahau: "Agro, jina yangu uligawia mashini kumi na moja, hata kuniuliza hukuniuliza?" Sikuwa na jibu. Sijalipata bado.

Sasa niongee na wale wenye mawazo mengine, juu najua wako hapa.

Wa kwanza wanasema: "Hakuna shida, sisi tunakopi kila siku na mashini zinatumika." Hao wana hoja, tena hoja ya wakubwa. Windows ikiwekwa kwenye mashini inajipa namba yake ya kujitambulisha, inaitwa SID. Ukikopi diski, namba inakopiwa. Miaka mingi watu walisema ni hatari. Mwaka 2009 Mark Russinovich wa Microsoft, mwenye alikuwa mmoja wa waliotengeneza NewSID, programu ya kubadilisha ile namba, akaandika kwamba ile hatari ni hadithi tu, na NewSID ikatolewa. Watu wengi wakasimama hapo. Lakini Microsoft yenyewe haikubadilisha sheria yake: iliendelea kusema kwamba mashini ya kukopi lazima ipitishwe kwanza kwenye Sysprep, chombo chenye kufuta ile namba ili kila kopi ijipe yake. Mwaka 2025 ikaonekana kwa nini sheria ni sheria: baada ya masahihisho mapya ya Windows 11, mashini zenye SID moja zikaanza kukataana, folda za pamoja hazifunguki, neno la siri ni sahihi lakini linakataliwa. Microsoft ikaeleza kwamba ni ulinzi mpya, na dawa ni kuzitengeneza upya kwa njia iliyoagizwa. Waliokopi kwa haraka miaka yote ile walilipa siku moja. Kitu kutumika leo hakionyeshi kwamba kilifanywa vizuri. Hata muhogo wa mozaiki unaota.

Wa pili wanasema kinyume: "Basi tusikopi kabisa, kila mashini tuiweke kwa mkono." Hapana, hata hawa siwafuati. Nimekwisha kuona biro iliyofanya hivyo. Mashini tano zina antivirusi, tatu hazina, mbili zina Excel ya zamani isiyofungua faili za wengine, na hakuna mtu anajua ipi ina nini. Siku ya shida unatibu magonjwa kumi na mawili tofauti. Mkulima wa muhogo hapandi mbegu za tunda ati anaogopa mozaiki. Anatafuta mama mzima. Kukopi kunatupa shamba lenye mimea tunayoijua, na hiyo ni faida kubwa.

Ila kufanana nako kuna bei yake, na sisi wa agronomia tunaijua. Ireland mwaka 1845 watu walikuwa wanalima sana aina moja ya kiazi, Lumper, na mildiou ilipofika ilikuta shamba moja kubwa lisilo na tofauti. Mashini zikifanana, dosari moja ni dosari ya zote. Kwa hiyo kazi za watu zisikae kwenye diski ile ile tu; ziwe na kopi yake pembeni, kwenye diski ya inje isiyobaki imechomekwa.

Sasa namna ya kufanya. Niliifanya mara ya pili, kwenye biro ile ile, kwa ruhusa ya shefu, na safari hii nilitumia siku tatu.

Kwanza, mama awe mpya. Usichukue mashini ya mtu. Chukua moja tupu, na iwe ile yenye diski ndogo kuliko zote, ili imaji iingie kwenye zingine bila ugomvi. Weka Windows ya halali juu yake. Itakapofika kwenye swali la kwanza, kabla hujaandika jina la mtu, finya Ctrl, Shift na F3 pamoja. Inafunguka kwa namna ya fundi, bila jina la mtu yeyote. Pale weka programu zote, printa na masahihisho. Usifungue barua pepe yako pale. Usichomeke flashi ya kiwanja.

Pili, pitisha Sysprep. Iko ndani ya Windows yenyewe, kwenye folda ya System32. Chagua igeneralize, na izime mashini ikimaliza. Ikizima, usiiwashe tena kwa diski yake, maana itaanza kujipa jina. Iwashe kwa flashi ya Clonezilla na uchukue imaji palepale. Wenye kutumia Linux pia wasijidanganye: kuna faili ya machine-id na funguo za SSH, zifutwe mbele ya imaji, la sivyo ni mapacha vilevile.

Tatu, jaribu imaji kwenye mashini moja tu. Fungua Excel, hifadhi faili, tazama sifa zake. Fungua Firefox. Fungua kikapu cha takataka. Tafuta jina la mtu. Ukilikuta, rudi mwanzo.

Nne, ukimaliza kumwaga, kila mashini ipewe jina lake na mtu wake, na yule mtu aandike mwenyewe jina lake na neno lake la siri, wewe ukitazama pembeni. Kisha andika kwenye daftari: mashini fulani, siku fulani, mwenye nayo fulani, na kila mmoja atie sinyatiri. Najua tunachoka na makaratasi. Lakini nimewaambia karatasi ilituokoa mara ngapi.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wenye diplome. Pale shuleni tulisomeshwa informatiki kwa kuandika maana: ordinateri ni nini, diski ni nini, memwari hai ni nini. Tulijibu, tukapita. Hakuna mtu aliyetuambia kwamba ndani ya diski mnakaa mtu: jina lake, barua zake, siri zake, na hata makosa ya wengine yanaweza kuandikwa juu yake. Kisha tunafika kazini, tunaitwa "kijana mwenye kujua", na tunaona haya kusema hatujui. Mimi niliona haya siku moja, na mtu mwingine akabaki nyumbani.

Kwa hiyo siku shefu wako atakapokuambia Jumatatu watu watumike, mwambie: Shefu, uniongezee siku mbili. Akikataa, anza na mashini mbili zilizo safi, zingine zingojee. Hakuna mkulima aliyekufa kwa kungoja mbegu nzuri wiki moja, lakini waliopanda mbegu mbaya kwa haraka tunawajua, wako kwenye vijiji vyetu, na wengine ni wazazi wetu.

Mama Sekreteri sasa ananisalimia. Mashini yake ya zamani tuliisafisha, na jina lake liko kwenye mashini moja tu, ya kwake.